Jinsi ya Kufuatilia Fedha na Huduma za Balozi Zetu Kupitia Bunge: Mwongozo kwa Familia za Tanga

Mtanzania anayefanya kazi Muscat, Dubai au Mombasa hana mbunge wa kumwendea. Utaratibu wetu wa uchaguzi haumwezeshi kupiga kura akiwa huko, kwa hiyo hakuna mgombea anayebisha hodi kwake kuomba kura, wala kiongozi atakayepata hasara kwa kumsahau. Mama yake aliyebaki Makorora anaye mbunge. Kaka yake wa Pangani anaye, na shangazi yake wa Mkinga vilevile. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, kwa sababu katika kuisimamia Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, jamaa waliobaki nyumbani ndio wenye kura, na kura hiyo mara nyingi inakaa bure kwa kutojua pa kuielekeza.

Mkoa wetu unaguswa na wizara hii kuliko wengi wanavyodhani. Tuna mpaka wa Horohoro, tuna wavuvi wa Moa na Jasini wanaofanya kazi jirani kabisa na maji ya Kenya, na tuna mabinti wanaokwenda Uarabuni kwa kazi za nyumbani. Hata hivyo, kazi ya ubalozi haionekani kwa macho ya wapiga kura. Ukuta wa darasa ukipasuka Muheza, diwani anauona na wazazi wanaupigia kelele. Ofisi ya ubalozi ikikosa mtu wa kupokea simu usiku, hakuna diwani anayepita hapo. Habari hutufikia kwa sauti ya binti anayelia kwenye simu, na kilio hicho kisipogeuzwa kuwa swali lenye mwaka, mahali na kiasi cha fedha, hakifiki Dodoma.

Dharura isisubiri Bunge

Kama ndugu yako amekamatwa, amenyang'anywa pasipoti, amelazwa au amefariki nje ya nchi, usianze na mbunge. Anza na ubalozi au konseli kuu, yaani ofisi ya uwakilishi wetu iliyo nje ya mji mkuu wa nchi ile, inayohusika na mahali alipo, kisha wizara yenyewe Dodoma, na uandike kila hatua: siku uliyopiga simu, cheo cha aliyepokea, na alichosema. Daftari hilo utalihitaji sana baadaye.

Ni vizuri pia kujua ubalozi unapaswa kufanya nini, ili usidai kisichowezekana na usikubali kunyimwa kilicho haki. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, katika Ibara ya 5, unataja kazi hizo: kulinda masilahi ya raia, kutoa hati za kusafiria, kuthibitisha nyaraka, kusimamia masilahi ya raia katika mirathi na masilahi ya watoto. Ibara ya 36 inasema raia akikamatwa ugenini ana haki ya kuelezwa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe, na akiomba, nchi iliyomkamata inapaswa kufanya hivyo bila kuchelewa. Ofisa wa ubalozi naye ana haki ya kumtembelea na kumpangia utetezi. Ubalozi hauna uwezo wa kumtoa mtu gerezani wala kuibatilisha hukumu ya mahakama ya nchi nyingine. Kwa hiyo, lalamiko la kwamba ubalozi haukumtoa mtu jela ni dhaifu, lakini lalamiko la kwamba miezi imepita bila ofisa yeyote kwenda kumwona ni zito, na mbunge yeyote makini atalipokea.

Hakikisha unaigonga wizara yenyewe

Hoja nyingi nzuri zinakufa kwa kupelekwa mlango usio wake, na waziri huwa na haki kabisa ya kujibu kwamba suala hilo si lake. Pasipoti hutolewa na Idara ya Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, hata kama ombi limepokelewa ubalozini. Mawakala wanaopeleka wafanyakazi nje na mikataba yao ya ajira viko chini ya wizara yenye dhamana ya kazi. Kinachobaki kwa Mambo ya Nje ni namna balozi zinavyoendeshwa, zinavyowapokea na kuwahudumia raia, fedha zinazotumika huko, na mazungumzo na nchi mwenyeji. Binti akinyang'anywa pasipoti na mwajiri Muscat, kwa mfano, kuna maswali matatu ya wizara tatu: nani alimpeleka na kwa mkataba gani, pasipoti mpya itachukua muda gani, na ubalozi ulifanya nini alipofika mlangoni. Yatenganishe tangu mwanzo.

Kumbuka pia kwamba mambo ya nchi za nje ni jambo la Muungano, limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Familia nyingi za Tanga zina ndugu Pemba, na ndugu hao nao wana wabunge katika Bunge la Jamhuri ya Muungano wanaoweza kuuliza jambo lile lile. Hoja moja ikishikwa na wabunge wa pande mbili za bahari inakuwa na uzito mwingine kabisa.

Fedha zimeandikwa wapi

Wizara ya Mambo ya Nje ina Fungu lake, yaani sehemu yake yenye namba, katika vitabu vya bajeti: Fungu 34. Vitabu vya makadirio huchapishwa kwa juzuu: ya kwanza ni ya mapato, ya pili ni ya matumizi ya kawaida ya wizara na idara, ya tatu ni ya mikoa, na ya nne ni ya miradi ya maendeleo. Wewe unahitaji ya pili na ya nne, ambazo hupatikana katika tovuti ya Wizara ya Fedha. Fungua juzuu ya pili, tafuta Fungu 34, na utakuta limegawanywa katika vifungu. Kifungu cha 1001 ni cha utawala makao makuu. Vifungu vinavyoanzia 2001 ni vya balozi, kila ubalozi na kifungu chake. Hapo ndipo wengi wanaposhangaa, kwa sababu walidhani fedha za balozi zetu zimefungwa katika furushi moja lisilofunguka. Zimetajwa mji kwa mji.

Chagua ubalozi mmoja tu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wazima, wenye nia njema, wakijaribu kuisoma wizara nzima na kuchoka kabla ya kufika popote. Tanzania ina balozi zaidi ya 40 na wizara hutengewa zaidi ya shilingi bilioni 200 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Sehemu ya fedha hizo ni mishahara, sehemu ni michango ya uanachama katika Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sehemu ni majengo. Mama wa Makorora mwenye binti Oman hana sababu ya kuhangaika na hayo yote. Achukue kifungu cha Muscat, akifuatilie kwa miaka mitatu mfululizo, na atajua mambo ambayo hata baadhi ya wanaopiga kura ya ndiyo ukumbini hawajayaangalia.

Ndani ya kifungu hicho usitarajie kukuta mstari ulioandikwa kwamba fedha hizi ni za kuwasaidia Watanzania waliokwama. Vitabu vyetu hupanga matumizi kwa aina yake: mishahara, posho za utumishi wa nje, kodi ya pango, umeme, usafiri, mafuta, matengenezo. Msaada kwa raia umejificha humo humo, katika muda wa ofisa aliyepo na katika nauli ya kumfikisha gerezani au hospitali. Kwa hiyo kitabu peke yake hakikwambii kama huduma ipo. Kinakwambia kiasi gani kimeombwa kwa jina la ubalozi ule, na kazi ya kuuliza fedha hizo zimezaa nini inabaki kwako na kwa mbunge wako. Hapa ndipo uhusiano wa fedha na huduma unapopotea kila mwaka.

Kisha tazama kitu ambacho hakimo kitabuni kabisa, yaani fedha zilizotolewa kweli. Kuidhinishwa na kupokelewa ni mambo mawili tofauti. Hotuba ya bajeti ya waziri, na maoni ya kamati yanayosomwa baada yake, hueleza wizara ilikuwa imepokea kiasi gani hadi mwezi fulani kati ya kilichoidhinishwa. Nakili namba hizo. Ubalozi uliotengewa fedha ukapelekewa sehemu yake kwa kuchelewa hauwezi kulipa pango kwa wakati, na wa kwanza kupunguziwa huduma huwa ni raia aliye foleni.

Liko na suala la thamani ya shilingi, ambalo halijadiliwi inavyostahili. Bajeti inaandikwa kwa shilingi, lakini ubalozi wa Muscat unalipa kwa riali ya Oman na ule wa Abu Dhabi unalipa kwa dirhamu, na sarafu zote mbili zimefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango kisichobadilika. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takribani shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Ukichukua shilingi milioni 230, kwa kiwango cha kwanza ni dola 100,000, na kwa kiwango cha pili ni kama dola 88,000. Bajeti inayoonekana haijapunguzwa hata senti imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi bila mtu yeyote kuidhinisha punguzo hilo. Mbunge akiuliza kama wizara ilifidiwa tofauti hiyo, na kama haikufidiwa ni huduma gani ziliachwa, ameuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa maneno matupu.

Majengo nayo yanahitaji jicho la mapema. Serikali ilinunua jengo la ubalozi Roma mwaka 2002. Aliyekuwa balozi alishitakiwa kuhusu ununuzi ule, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alitoa ushahidi upande wa utetezi mwaka 2012, na mwaka huo huo Mahakama ya Kisutu ilimwachia huru mshitakiwa. Miaka kumi ilipita kati ya ununuzi na hukumu. Bila kuingia katika kesi iliyokwisha kuamuliwa, naamini maswali ya bei, mikataba na tathmini ya jengo yana faida kubwa zaidi yakiulizwa mbele ya kamati mwaka ule ule fedha zinapoombwa, kuliko mbele ya hakimu baada ya kumbukumbu kufifia.

Lini upeleke hoja yako

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mkutano wa Bunge wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi Juni, na kwa miaka ya karibuni hotuba ya Mambo ya Nje imekuwa ikisomwa mara nyingi mwishoni mwa Mei. Watu wengi husubiri hadi siku hiyo, wakasikiliza redioni, kisha wakaanza kumpigia mbunge simu. Wamechelewa. Kazi ya kweli hufanyika kabla ya mkutano, pale Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, inayoitwa kwa kifupi NUU, inapoketi na watendaji wa wizara ikiwa na randama mkononi. Randama ndiyo maelezo marefu ya bajeti yanayoonyesha kila kasma, yaani kila mstari wa matumizi, na sababu yake, na wajumbe wanaweza kuuliza kwa utulivu bila saa ya ukumbi kuwakimbiza. Hoja yako inapaswa kuwa mikononi mwa mbunge ifikapo Februari.

Kama mbunge wako si mjumbe wa NUU, mwombe ampatie mjumbe mmoja wa kamati hiyo nakala ya barua yako, au mpelekee mwenyewe. Orodha za wajumbe wa kamati ziko katika tovuti ya Bunge. Mkoa una wabunge wa majimbo na wa viti maalum, na hakuna kanuni inayokukataza kumwandikia yeyote kati yao.

Siku ya hotuba ikifika, ipo nafasi moja ya mwisho yenye nguvu. Baada ya mjadala Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia Fungu kifungu kwa kifungu, na mbunge asiyeridhika na maelezo ya waziri anaweza kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri ili jambo lake lijadiliwe na kujibiwa. Kiasi ni kidogo mno, lakini waziri hulazimika kusimama na kutoa ahadi ambayo inaandikwa katika kumbukumbu rasmi, na mara nyingi shilingi hurudishwa kwa sababu ya ahadi hiyo. Muda ukiisha vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa pamoja bila kuhojiwa. Kwa hiyo mbunge anayetaka kulizungumzia jambo lako awe amejipanga, ana karatasi yenye mistari michache, na anajua ahadi gani hasa anaitaka.

Usimwombe mbunge aongeze fedha za ubalozi. Kwa Ibara ya 99 ya Katiba, Bunge halishughulikii pendekezo la kuongeza matumizi ya Serikali isipokuwa limetoka kwa Rais na kuwasilishwa na waziri. Kinachowezekana ni kuishauri Serikali, kuibana itekeleze ilichoahidi, na kuihoji kwa nini fedha zilizopo zimekwenda kwenye safari badala ya huduma. Mamlaka ya kufanya hivyo yamo katika Ibara ya 63, inayolipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali na inayotaja waziwazi haki ya kumuuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wajibu wake.

Kuandika swali ambalo haliponyoki

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya Bunge inapotea katika namna maswali yanavyoandikwa. Soma hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za maneno yanayosemwa Bungeni, za mikutano michache, ambazo ziko kwa Kiswahili katika tovuti ya Bunge, na utaona aina moja ya swali ikijirudia: “Je, Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia Watanzania wanaofanya kazi Oman?” Swali hili lina adabu na lina huruma, ila halina meno. Jibu lake linajulikana kabla halijasomwa: Serikali kupitia balozi zake inaendelea kuhakikisha kwamba Watanzania wote wanapata huduma stahiki. Neno “inaendelea” limefunga mlango, na mbunge ametumia nafasi yake.

Swali lenye nguvu huwa na mahali, kipindi, kitu kinachohesabika na matokeo. Linganisha na hili: “Je, katika mwaka wa fedha uliopita Ubalozi wa Tanzania Muscat ulipokea malalamiko mangapi ya Watanzania walionyang'anywa pasipoti na waajiri wao, mangapi kati ya hayo yalimalizika kwa pasipoti kurudishwa, na maofisa wangapi ubalozini hapo wamepangiwa kazi hiyo?” Waziri akiwa na namba, tumepata mahali pa kuanzia mwaka ujao. Asipokuwa nazo, tumegundua kwamba hazihesabiwi, na huo wenyewe ni ugunduzi mkubwa kuhusu namna kazi inavyosimamiwa.

Muulizaji huruhusiwa maswali mawili ya nyongeza baada ya jibu, na hayo yanapaswa kutokana na jibu lenyewe. Andaa njia mbili. Kama waziri ametoa namba, nyongeza iulize kilichowapata ambao hawakufanikiwa. Kama hakutoa, nyongeza iombe ahadi iliyo bayana: “Kwa kuwa Waziri amekiri kwamba takwimu hizo hazijakusanywa, je, yuko tayari kuziweka katika hotuba ya bajeti ijayo, kwa kila ubalozi?” Mbunge aliyepewa karatasi yenye swali la msingi na nyongeza za njia zote mbili ni nadra sana, nawe unaweza kumpa.

Chukua na mfano wa karibu zaidi. Tuseme wavuvi wa Moa wamekamatwa upande wa Kenya kwa madai ya kuvuka mpaka wa baharini. Swali la kwanza linalokuja kichwani ni lini Serikali itamaliza tatizo la wavuvi kukamatwa, na litajibiwa kwa historia ya ujirani mwema. Uliza badala yake ni baada ya siku ngapi Konseli Kuu yetu ya Mombasa ilijulishwa, siku gani ofisa aliwatembelea, na kama ipo namba ya simu ya konseli hiyo iliyobandikwa katika ofisi za serikali za vijiji vya Mkinga. Sehemu ya mwisho inaweza kutekelezwa ndani ya wiki moja bila kuongeza bajeti.

Barua yako kwa mbunge isizidi kurasa mbili. Anza kwa “Mheshimiwa Mbunge”, taja mtaa au kijiji chako, eleza tukio kwa tarehe, kisha weka swali lenyewe likiwa limeandikwa tayari, pamoja na namba ya kifungu na ya ukurasa wa kitabu cha makadirio. Iwasilishe katika ofisi ya mbunge jimboni, ipigwe mhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala. Maswali hupelekwa katika Ofisi ya Bunge mapema kabla ya siku ya kujibiwa, kwa hiyo usipeleke barua wiki ambayo mbunge anafunga mizigo kwenda Dodoma.

Jina la ndugu yako lisiwekwe katika swali la hadharani. Kinachosomwa ukumbini kinabaki katika hansadi daima, na mwajiri au askari wa huko anaweza kukiona wakati binti bado yuko mikononi mwake. Maelezo binafsi yaende katika barua ya pembeni, kwa idhini yake mwenyewe kama anaweza kupatikana.

Ripoti ya CAG na kazi ya PAC

Bajeti ni ahadi. Hesabu ni kilichotokea. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, hukagua hesabu na kumkabidhi Rais ripoti, ambayo baadaye huwekwa mezani Bungeni, kwa kawaida mwezi Aprili. Ndani ya ripoti ya Serikali Kuu tafuta Fungu 34 na jina la ubalozi wako. Utakuta hoja za ukaguzi kuhusu mambo kama manunuzi, maduhuli, yaani mapato, yanayokusanywa ubalozini, majengo na madeni.

Usidanganywe na aina ya hati ambayo CAG hutoa baada ya ukaguzi. Hati inayoridhisha ina maana kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa sawasawa na zinaonyesha hali halisi ya hesabu. Haisemi kwamba simu ya ubalozi ilipokelewa au kwamba mfungwa alitembelewa. Ubalozi unaweza kuwa na hesabu safi kabisa na huduma mbovu. Kwa kazi ya kupima kama fedha zimeleta manufaa upo ukaguzi wa ufanisi, ambao CAG huufanya kwa mada alizozichagua, na mbunge anaweza kupendekeza kwamba huduma za kikonseli ziwe mojawapo. Binafsi naona hilo ni ombi lenye faida kubwa kuliko hotuba kumi za masikitiko.

Ripoti ikishawekwa mezani huchambuliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali, yaani PAC. Anayehojiwa huko ni Afisa Masuuli, ambaye kwa wizara ni Katibu Mkuu, na ndiye anayewajibika kwa fedha za balozi zote hata kama zilitumika ng'ambo. Taarifa ya PAC hujadiliwa Bungeni miezi kadhaa baadaye. Ukiona hoja ile ile kuhusu ubalozi ule ule imejirudia miaka miwili au mitatu ikiwa na maelezo kwamba “utekelezaji unaendelea”, umepata jambo lenye nguvu kuliko malalamiko yoyote. Mpelekee mbunge kurasa zote tatu zikiwa pamoja, na wino upigwe chini ya sentensi zinazofanana.

Pale vitabu visipojibu

Kwa taarifa ambazo hazimo katika vitabu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na taasisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Omba kitu kimoja kilicho wazi, kama idadi ya maombi ya msaada yaliyopokelewa na ubalozi mmoja katika mwaka mmoja. Ipo mipaka kwa mambo ya usalama wa Taifa na faragha za watu, na ni halali iwepo. NUU yenyewe hushughulikia mambo mengine bila ya hadhara. Idadi ya raia waliohudumiwa haiwezi kuhesabiwa kuwa siri ya ulinzi. Ukinyimwa, barua ya kukunyima ni kielelezo kizuri cha kumkabidhi mjumbe wa kamati.

Jibu la waziri likishatolewa, usiridhike na kipande kilichorushwa kwenye simu. Subiri hansadi, nakili maneno yenyewe ya ahadi pamoja na tarehe ya kikao, na uyabandike katika daftari lile lile ulilolianza siku ya dharura. Hakikisha familia nyingine zenye ndugu katika mji ule ule zimepata nakala. Hapa mjini zinapatikana kwa urahisi, misikitini, makanisani na katika vikundi vya kuweka na kukopa. Barua ya mwaka wa pili iwe na sahihi zao pia, itaje ahadi kwa tarehe yake, na iulize jambo moja tu: utekelezaji umefikia wapi, kwa kiasi gani cha fedha kutoka kifungu kipi.